Uzio wa Kituo na Njia ya Mkato: Uchambuzi wa Kisa cha Kituo Kimoja cha Treni ya Mjini, Dar es Salaam

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea katika kituo kidogo cha treni ya abiria wa mjini, Dar es Salaam, katika miaka ya mwanzo ya huduma hiyo. Jina la kituo, jina la mtaa na majina ya wahusika yameondolewa, na pale ambapo maelezo ya mahali yangeweza kumtambulisha mtu, yamefupishwa. Mimi nilikuwa katibu wa kamati ya wakazi iliyolishughulikia jambo hili tangu mwanzo, kwa hiyo msomaji asinichukulie kama mwamuzi asiye na upande. Kosa kubwa linalochambuliwa hapa lilikuwa la kamati yetu, na barua ya kuomba uzio niliiandika mimi kwa mkono wangu.

Usuli: reli ya safari ndefu inapopewa kazi ya mjini

Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, wakati wa utawala wa Wajerumani, ikafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Ilijengwa kwa upana wa mita moja kati ya chuma na chuma, na kusudi lake lilikuwa kuteremsha mazao ya bara hadi bandarini na kupandisha bidhaa na askari kwenda bara. Mji wenyewe ulikuwa mdogo, na sehemu ambazo leo zimejaa nyumba za kupanga na maduka ya vifaa vya ujenzi zilikuwa nje ya mji. Hakuna mhandisi wa enzi hizo aliyewaza kwamba siku moja mtu angelala Tabata, aamkie kazini Kariakoo na jioni arudi kulala Tabata, kila siku, kwa njia hiyo hiyo ya reli.

Reli ya pili, TAZARA, ilijengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975, ikakabidhiwa rasmi mwaka 1976. Nayo ilikuwa na macho ya mbali: kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, kwa upana wa milimita 1,067 ili ilingane na reli za kusini mwa Afrika. Tofauti kati ya reli hizi mbili ni milimita 67, ambazo hazizidi upana wa vidole vinne vya mkono, lakini zimetosha kuhakikisha kwamba behewa la reli moja haliwezi kutembea juu ya nyingine. Ndiyo sababu jiji moja lilipotaka treni ya abiria wake lilipata treni mbili zisizokutana.

Huduma ilianza Oktoba 2012. Kampuni ya Reli, wakati huo ikiitwa TRL, iliendesha treni kati ya Stesheni, katikati ya jiji, na Ubungo Maziwa; TAZARA iliendesha yake kutoka kituo chake kikuu hadi Mwakanga. Watu waliziita zote mbili "treni ya Mwakyembe", kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule, Dkt. Harrison Mwakyembe, na jina hilo likadumu hata baada ya yeye kuhamia wizara nyingine. Sensa ya mwaka huo ilikuwa imehesabu watu milioni 4.36 jijini. Mabasi ya mwendokasi hayakuwa yameanza; yalikuja mwaka 2016, mwaka ambao pia huduma ya treni ilipelekwa Pugu. Kwa hiyo katika kipindi cha kisa hiki mkazi alikuwa na mambo mawili ya kuchagua: daladala iliyokwama kwenye foleni, au treni isiyojua foleni lakini inayopita mara chache asubuhi na mara chache jioni.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu yanajibu swali ambalo kila mgeni aliuliza alipokiona kituo chetu: mbona hakifanani na kituo? Hakikufanana kwa sababu hakikupata kuwa kituo. Kilikuwa sehemu tu ya njia ambapo treni za mizigo zilipita bila kusimama, mpaka siku ilipoamuliwa kwamba treni ya abiria isimame pale.

Kituo chenyewe na huduma zake

Kulikuwa na bango la jina, kibanda cha mabati kisicho na kuta, na ukanda wa changarawe iliyoshindiliwa kando ya reli ambao uliitwa jukwaa, ingawa kimo chake hakikufika hata nusu ya kimo cha sakafu ya behewa. Karani wa tiketi alikaa chini ya mwarobaini na meza yake, kitabu cha tiketi na mkoba wa fedha alioubana kati ya magoti. Mabehewa yalikuwa yale ya safari ndefu, yaliyokarabatiwa, ambayo hupandwa kwa ngazi za chuma. Kutoka kwenye changarawe yetu, kipandio cha kwanza kilimfikia mtu mzima karibu na goti. Kijana aliruka. Mama mwenye mtoto mgongoni hakuweza kuruka.

Wanawake waliokwenda Feri alfajiri kununua samaki walilitatua tatizo hilo bila kumwandikia barua mtu yeyote. Mmoja wao alikuwa na kigoda cha mninga kilichofungwa kamba ya katani mguuni. Treni iliposimama, kigoda kiliwekwa chini ya mlango wa behewa la pili, wanawake wakapanda mmoja baada ya mwingine na ndoo zao, na wa mwisho akaivuta kamba, kigoda kikaingia ndani kikigonga ngazi. Wazee na wenye maumivu ya miguu walijifunza upesi kusimama karibu na mwenye kigoda.

Abiria walitoka pande mbili. Upande wa kaskazini kulikuwa na barabara ya lami, kituo cha daladala na bodaboda. Upande wa kusini kulikuwa na mtaa uliobanana, wenye nyumba nyingi na njia nyembamba, na kutoka huko watu walikuja kwa njia ya mkato iliyopita kati ya ukuta wa msikiti na mashine ya kusaga, ikavuka mtaro juu ya ubao, ikakata reli na kutokea hasa pale behewa la pili liliposimama. Njia hiyo haikuwa kwenye mchoro wowote. Ilikuwepo kabla ya treni ya abiria kuanza, kwa sababu ndiyo waliyoitumia watu wa kusini kwenda kupanda daladala.

Jambo la mwisho la kuelezwa ni mama wa chai. Aliuza chai ya tangawizi, maandazi na vitumbua hatua chache kutoka kwenye meza ya karani, na mdogo wake aliuza hivyo hivyo karibu na kituo kilichotangulia. Treni ilipoondoka huko, mdogo alimpigia dada yake simu na kukata kabla haijapokelewa. Simu hiyo ikilia, mama wa chai alifunika sinia, nasi sote tukasogea. Isipolia kwa muda, alisema, "Leo kaeni mnywe chai tu," na mwenye haraka akaelekea kwenye daladala mapema, bila kupoteza nusu saa.

Tatizo kama lilivyoonekana kwetu

Abiria wengi walisafiri bila tiketi. Wengine walikwepa kwa makusudi. Wengi zaidi walifika treni ikiwa imeshasimama, wakapanda, wakategemea kukatiwa humo ndani na mkaguzi ambaye, kwa msongamano wa asubuhi, hakuweza kupita kutoka mlango mmoja hadi mwingine. Mauzo ya kituo chetu kwenye vitabu yakawa madogo kuliko umati uliokuwa ukionekana pale. Kukavuma maneno kwamba vituo vyenye mauzo madogo vitarukwa ili kupunguza muda wa safari. Sikupata kuona waraka wowote uliosema hivyo, lakini hofu haihitaji waraka.

Kuliongezeka na wizi wa simu wakati wa kupanda. Vijana watatu au wanne walijichanganya na umati mlangoni, wakachomoa simu na kuteremka upande wa pili wa behewa, wakatokomea kwa njia ile ile ya mkato. Mwenyekiti wa mtaa alipokea malalamiko matatu katika wiki moja, akaitisha kikao.

Uamuzi wa kwanza na sababu zake

Kamati iliundwa na watu saba: wakazi wawili wa kila upande, mwakilishi wa bodaboda, mwalimu mstaafu na mimi. Kwa macho ya sasa, ni rahisi kuona kwamba hapakuwa na mfanyabiashara hata mmoja wa pale kituoni, na kwamba wakazi wawili wa kusini walikuwa wenye magari.

Tuliomba mambo matatu kwa pamoja: uzio wa nguzo za zege na wavu wa chuma pande zote mbili, mlango mmoja tu, upande wa barabara ya lami, na dirisha la tiketi kando ya mlango huo, pasipo ruhusa ya mtu kuingia bila tiketi. Wachuuzi wangehamishiwa nje, barabarani. Hoja yetu ilikuwa nyepesi kuieleza, na nadhani wepesi huo ndio uliotuponza: tiketi zitaongezeka, wezi watakosa pa kukimbilia, na kituo kitafanana na kituo. Maafisa tuliowapelekea ombi walilikubali, kwa kuwa halikuwa na ubaya wowote kwenye karatasi, na sehemu ya gharama ililipwa kwa michango ya wakazi.

Mtu mmoja alipinga. Alikuwa mzee aliyefanya kazi katika genge la reli kwa miaka mingi, akibadilisha mataruma, yaani nguzo zinazolazwa chini ya reli, na kujaza kokoto, na alikuja kwenye kikao bila kualikwa. Mwalimu mstaafu alimwamkia, akamkaribisha kiti, akamwomba aseme. Alisema maneno machache: "Wanangu, mnafunga mlango wa mbele wa kituo mkidhani ni wa nyuma." Tulimshukuru, tukaendelea na ajenda. Katika muhtasari wa kikao niliandika kwamba "mzee mmoja alitoa maoni."

Wiki sita za uzio

Siku ya kwanza ilikwenda vizuri, kwa kuwa watu walifika mapema kutazama. Kuanzia siku ya tatu foleni ya dirishani ilianza kupita kona ya kibanda, na sababu yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba hakuna aliyeiwaza: chenji. Nauli ya wakati huo ilikuwa shilingi 400. Mwenye noti ya shilingi 1,000 alirudishiwa shilingi 600, mwenye noti ya shilingi 5,000 alirudishiwa 4,600, na karani, ambaye chini ya mwarobaini alikuwa akivunjiwa noti na mama wa chai na muuza karanga, sasa alikuwa peke yake nyuma ya nondo bila sarafu. Alianza kuandika deni nyuma ya tiketi. Treni ilipiga honi, ikasimama, ikaondoka, na watu walibaki kwenye foleni wakiwa na fedha mkononi. Nilikuwa miongoni mwao siku moja, na sikuthubutu kusema kwamba mimi ni katibu wa kamati.

Abiria wa kusini walikuta ubao wa mtaro upo, njia ipo, na mbele yake wavu. Walitakiwa wazunguke hadi kwenye kivuko cha reli cha magari, wavuke, warudi kwa barabara ya lami hadi mlangoni. Mwendo wa robo saa kwa mtu mzima asiye na mzigo. Baadhi walifanya hivyo kwa siku chache, kisha, kwa kuwa walikuwa wameshafika barabarani, wakapanda daladala. Wengine walishuka mtaroni na kupita chini ya kalavati, wakatokea kando ya uzio mahali ambapo reli inapinda na dereva wa treni haoni mbele mpaka awe amekaribia sana. Mvua iliponyesha na kalavati kujaa maji, walipanda juu na kutembea katikati ya reli.

Wachuuzi walikaa barabarani kwa wiki moja, wakafukuzwa na gari za mgambo, wakatawanyika. Mama wa chai alihamia nyumbani kwake. Hapo ndipo tulipogundua kwamba hakuna aliyejua tena kama treni imechelewa au la. Dirishani palikuwa na karatasi yenye saa za treni, na saa hizo zilikuwa sahihi siku ambazo treni ilikuwa sahihi. Mtu alisubiri dakika kumi, ishirini, akachoka, akaondoka, na treni ikaingia akiwa ameshaketi kwenye daladala iliyosimama kwenye foleni.

Wezi wa simu, kwa taarifa ya msomaji, waliendelea. Walikata tiketi.

Katika wiki ya sita, asubuhi, mwanafunzi wa kike aliyekuwa akitokea chini ya kalavati alipanda tuta la reli pale penye kona wakati treni ikiingia. Dereva alipiga honi mfululizo na kufunga breki. Msichana aliteleza kwenye kokoto, akajitupa upande wa mtaro, akachubuka magoti na kiganja. Treni ilisimama ikiwa imepita pale alipokuwa, na kati ya reli ilibaki kandambili moja ya bluu. Dereva aliteremka, akaiokota, akatembea nayo hadi kwenye uzio na kumkabidhi mtu wa kwanza aliyemwona, bila kusema neno. Aliyekabidhiwa alikuwa mjumbe mwenzetu wa bodaboda, naye jioni hiyo aliiweka mezani kwenye kikao.

Uamuzi wa pili

Mjadala wa kikao kile ulikuwa mkali kuliko unavyoonekana katika muhtasari. Kulikuwa na waliotaka uzio urefushwe hadi upite kona, ili kalavati nayo izibwe. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi: mahali penye hatari hufungwa. Lakini mwalimu mstaafu aliuliza kama kuna mtu yeyote aliyewahi kuhesabu abiria wanatokea wapi, na hakuna aliyejibu. Asubuhi tatu zilizofuata tuligawana zamu, na kila mmoja akawa na daftari. Hata baada ya wiki sita za uzio, zaidi ya nusu ya waliopanda treni walikuwa watu wa kusini, waliozunguka au waliopita kalavati. Idadi ya waliokata tamaa na kuacha haikuweza kuhesabiwa, kwa kuwa hawakuwepo.

Tulimfuata mzee wa genge nyumbani kwake, safari hii tukiwa na barakoa ya aibu usoni, tukamwomba radhi na kumwomba ushauri. Yeye ndiye aliyetueleza kwamba watu wa reli wana utaratibu wa vivuko vya waenda kwa miguu, kwamba tusithubutu sisi wenyewe kugusa chochote kati ya reli, na kwamba tuombe kivuko kwa barua inayoonyesha watu wanapita wapi na saa ngapi. Safari hii barua ilikwenda na kurasa za daftari.

Yaliyokubaliwa yalikuwa haya. Mlango wa pili ulifunguliwa kwenye uzio wa kusini, mdomoni mwa njia ya mkato, na genge la reli likalaza mataruma ya zamani kati ya chuma na chuma ili watu wavuke bila kujikwaa. Mahali hapo palikuwa kwenye njia iliyonyooka, ambapo dereva na mvukaji wanaonana kutoka mbali. Kijana wa mtaa aliwekwa mlangoni saa za asubuhi na jioni, akafundishwa kufunga mlango honi inaposikika na kuufungua treni ikisimama. Mama wa chai na wenzake watano walipewa nafasi ndani ya uzio, kando ya mlango huo, kwa ushuru mdogo wa kila siku ambao ndio ungemlipa kijana. Karani alianza kuuza tiketi ya kwenda na ya kurudi kwa pamoja, shilingi 800, ambapo mwenye noti ya 1,000 alidai sarafu moja tu ya 200, na jioni hakuhitaji kupanga foleni tena. Kwenye jukwaa jiwe moja lilipakwa chokaa, na dereva akaombwa asimamishe treni ili mlango wa behewa la pili uelekeane nalo.

Matokeo

Foleni ilipungua kwanza, kabla ya jambo jingine lolote, na ninaamini tiketi ya shilingi 800 ilifanya kazi kubwa kuliko mlango wa pili katika wiki za mwanzo. Watu wa kusini walirudi polepole, kwa habari za mdomo. Kabla mwezi haujaisha karani alikuwa anaagiza kitabu cha tiketi mapema kuliko ilivyokuwa kawaida yake. Kalavati iliachwa, isipokuwa na watoto waliokuwa wakikimbizana. Simu ya mama wa chai ikaanza kulia tena na kukatwa.

Lakini mpango wa kumlipa kijana kwa ushuru wa wachuuzi haukudumu. Masika yalipoingia na maji kuharibu njia, treni ilisimama kwa siku nyingi, wachuuzi wakakosa wateja, ushuru ukakosekana, na kijana akatafuta kibarua kwingine. Treni iliporudi hapakuwa na mtu mlangoni. Mlango ulibaki wazi saa zote, na kwa majuma kadhaa usalama wa kivuko ulitegemea macho ya kila mtu mwenyewe. Hatimaye msikiti na wasagaji wa nafaka walichanga kumlipa mzee mmoja, jambo ambalo ni la kusifiwa lakini si mpango. Mchango wa aina hiyo hukoma siku mwenye mashine anapouza mashine.

Uchambuzi

Kosa la msingi lilikuwa la kuhesabu. Tulihesabu tiketi, ambazo zilikuwa chache, na tukadhani tumehesabu tatizo. Hatukuhesabu miguu. Daftari la shilingi 500 na asubuhi tatu zingetuonyesha kabla ya nguzo ya kwanza kuchimbiwa kwamba njia ya mkato ndiyo iliyoleta abiria wengi zaidi, na kwamba barabara ya lami, iliyofanana na mlango wa mbele machoni mwa wenye magari, ilikuwa mlango wa wachache. Mzee aliyasema haya kwa sentensi moja, nasi hatukuisikia kwa sababu hakuwa mjumbe.

Si kwamba uzio ni mbaya kwa asili yake. Reli mpya ya umeme kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, ambayo ilianza kubeba abiria Juni 2024, imezungushiwa uzio na kuwekewa njia za kupita juu na chini, na haingewezekana vinginevyo kwa treni iliyosanifiwa kufikia kilomita 160 kwa saa. Kule uzio umekuja pamoja na njia mbadala. Sisi tulileta uzio peke yake, kwenye njia ya treni inayosimama kila kituo, katikati ya mtaa uliokuwa na njia zake tayari. Mtu anayekwenda kazini haachi kwenda kwa sababu ya wavu; anatafuta tundu, na tundu analolipata ni lile ambalo hakuna aliyelichagua kwa usalama wake. Kona ya kalavati ilikuwa tundu la namna hiyo, na ni sisi tuliowapeleka watu pale.

Jambo la pili lilichelewa zaidi kunielea. Tulipoorodhesha huduma za kituo tuliandika kibanda, karani na treni. Mama wa chai tulimweka kwenye orodha ya kero. Kumbe alikuwa akitoa huduma mbili ambazo kituo hakikuwa na namna nyingine ya kuzipata: taarifa za treni na sarafu za chenji. Tulipomtoa, foleni ilikwama na subira ya abiria ikaisha, na kwa wiki sita tulimlaumu karani. Ningemshauri mtu anayepanga upya kituo chochote kidogo akae pale asubuhi moja bila kuuliza maswali, atazame nani anamgeukia nani anapotaka kujua jambo.

Kilichofaa katika uamuzi wa pili ni kwamba kila sehemu yake ilijibu jambo tuliloliona kwa macho, na kwamba kazi ya kwenye reli iliachiwa wenye reli. Kuomba kivuko kwa barua yenye hesabu kulichukua muda mrefu kuliko vijana wa mtaa walivyotaka. Walikuwa tayari kukata wavu usiku ule ule wa kandambili. Wangeukata, tungepata mlango bila mataruma yaliyolazwa, bila dereva kujua kwamba watu wanavuka pale.

Kilichoshindikana hata mara ya pili ni fedha. Kumlipa mlinzi wa kivuko kwa ushuru wa maandazi kulimaanisha kwamba usalama ungekuwepo pale biashara inapokuwepo, na biashara ya kituo ni ya kwanza kufa treni inaposimama. Tulilijua hilo, na mwakilishi wa bodaboda alilisema wazi, lakini baada ya yote yaliyotokea tulitaka sana jambo liishe. Uchovu wa kamati ni sababu halisi ya maamuzi mabaya, ingawa huwa hauandikwi kwenye muhtasari.

Kimo cha jukwaa hakikuguswa kabisa. Kuliinua kungehitaji fedha na kibali vilivyokuwa juu ya uwezo wetu, kwa hiyo kigoda cha mninga kiliendelea na kazi yake, kikisubiri kila alfajiri kando ya jiwe la chokaa. Taa ya mlango wa kusini nayo iliombwa mara mbili. Treni ya mwisho ya jioni huingia baada ya magharibi, na wanawake wanaoshuka husubiriana mlangoni kabla ya kuvuka. Balbu ya nje ya msikiti huwamulikia hadi kwenye ubao wa mtaro. Kuanzia mashine ya kusaga kila mmoja huwasha tochi ya simu yake.